Hereni za Jemadari

Mimi sijaokoka. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanisikia nikimsifu dada yangu akadhani na mimi nimeshakata shauri. Sijakata. Nikiudhiwa naudhika, nikisukumwa nasukuma, na mtu akinirukia kwenye foleni mtaa mzima utajua. Tumezaliwa tumbo moja, yeye akatangulia mimi nikafuata, na watu walikuwa wakisema kwamba ukali wote wa nyumba yetu aliuchukua yeye, mimi nikaachiwa makombo. Siku hizi makombo hayo ndiyo yaliyobaki.

Tulikuwa tunauza mitumba, na meza yetu ilikuwa ya kwanza mkono wa kulia ukiingia lango kuu la soko. Anayeijua biashara ya nguo anajua maana ya kuwa pale. Mteja anaingia macho hayajachoka, hamu imejaa, hajaanza kulinganisha. Dada alikuwa akifungua robota asubuhi na mapema na kuchambua: za kutundika, za kukunja mezani, na zile za kumwaga chini kwenye turubai watu wajichimbie wenyewe. Mimi nilipiga pasi na kushona mishono iliyoachia. Gauni lisilo na doa lilitundikwa usawa wa macho, na dada aliliita mjumbe, maana ndilo lililokuwa likiwaita wengine.

Lakini soko halikumjua kwa nguo. Lilimjua kwa mdomo. Walimpa jina la Jemadari, na likamkaa hata mama yetu mzazi akalizoea. Mtu akiwa na ugomvi asiouweza, alimwendea asubuhi akamwomba amwazime mdomo. Ndivyo walivyosema, kuazima mdomo, kama vile mtu anavyoazima ngazi ya jirani. Dada alimsikiliza huku akikunja suruali, akauliza maswali yake mawili matatu, na akiikubali kesi alivua hereni, pete mbili kubwa za rangi ya dhahabu, akanikabidhi mimi. Zamani mtu aliwahi kumvuta moja katikati ya ugomvi ikamchana ndewe, na alama ipo mpaka leo. Basi ikawa hereni zikitoka, soko zima linajua. Wengine walifunika bidhaa zao, wengine walisogea karibu wapate nafasi nzuri ya kusikia.

Matusi ya nguoni hakuwa nayo. Yeye alikuwa anaokota kitu cha kweli, kidogo tu, anakisema mbele za watu kikawa hakifutiki. Muuza viatu mmoja, dada alimwambia anatembea kama mtu anayeogopa kuiamsha miguu yake, na tangu siku ile yule bwana akipita watu hawamtazami usoni. Waliomwazima hawakumlipa chochote. Walimpa heshima, na heshima ndicho kilichokuwa chakula chake. Jioni tukifunga alikuwa ananiigizia vita upya, yeye pande zote mbili, kisha ananiuliza kama nilimwona alivyomkata mtu kauli. Nikijibu nimeona, ananiuliza tena.

Sasa, nyuma ya ukuta wa soko kulikuwa na kanisa dogo la mabati lililokuwa na ibada ya mchana siku za kazi, na spika yao ilitazama upande wetu. Kinyozi aliyekuwa na kibanda pale karibu alilalamika kwamba wateja wake wanatikisa vichwa kufuata mapambio na yeye ana wembe mkononi. Akaja kuazima mdomo. Dada aliona ni kesi ya haki kabisa. Akavua hereni, akafunga kitenge kiunoni, akaenda. Kinyozi alimwacha mteja amenyolewa nusu ya kidevu, akatoka mlangoni asikilize.

Tulisubiri mpaka mteja naye akatoka na povu lake. Spika haikuzimwa. Ibada ikaisha, watu wakatoka, na dada akatoka wa mwisho. Alimpita kinyozi kama hamwoni, akaja mpaka kwangu, akanyoosha kiganja nimpe hereni zake. Akazivaa. Kisha akaendelea kukunja ile suruali pale pale alipoiachia.

Kwa siku nzima hakunieleza kitu. Nilipomkalia kooni ndipo akasema kwamba alimkuta mtu anahubiri, akaona si adabu kumkatiza katikati ya neno, akakaa benchi la nyuma asubiri amalize ndipo aanze. Aliyehubiri ni mama mmoja muuguzi, amekuja na sare yake ya kazi, hata sauti hana. Alikuwa anasimulia jinsi Yesu alivyosimamishwa mbele ya watu, akasingiziwa, akatemewa mate, asijibu.

"Mdogo wangu, kesi ile alikuwa nayo yote," dada aliniambia. "Haki anayo. Mdomo anao, maana wakubwa wao alishawakata kauli mara nyingi tu. Angewamaliza. Akanyamaza kwa ajili ya hao hao waliokuwa wanamtemea. Na mimi nimekaa pale na kitenge kiunoni, nimekuja kugombana kwa sababu ya spika. Nikajiona. Maneno yangu yote ya miaka yote yalikuwa yananizunguka mimi tu."

Nilimwambia apumzike, jua lilikuwa kali siku ile.

Hakupumzika. Alianza kwenda kwenye yale mabati kila mchana, na soko halikufurahi. Kinyozi aliona ametapeliwa, maana alimtuma mtu akapigane, mtu akahamia kwa adui. Mama yetu aliuliza kama anaumwa. Shangazi yetu, ambaye alikuwa ameshamwekea Jemadari siku ya kwenda kuwapasha wakwe zake, alikuja mpaka mezani kwetu akasema mambo ya Mungu hayana haraka, dada angemsubiri kwanza yeye shangazi amalizane na wakwe ndipo aokoke. Dada alimwambia atakwenda naye kwa wakwe, ila atakwenda kuwasalimu. Shangazi akasema salamu anaweza kuzipeleka mwenyewe.

Dada akamwendea pia yule muuza viatu kumwomba radhi. Yule bwana alikataa radhi ya pembeni. Alisema ametukanwa hadharani, aombwe hadharani, tena pale pale. Dada akasimama katikati ya njia, watu wakakusanyika wakidhani ni vita, akaomba radhi kwa sauti ile ile iliyomtukana. Mimi nilijificha nyuma ya makoti. Niliona aibu kuliko siku zote alizogombana.

Lakini msinielewe vibaya, hakugeuka maji. Bei yake ilikuwa ile ile na mkono wake wa kuchambua nguo ulikuwa ule ule mzito. Tofauti ni kwamba neno lilikuwa likimpanda, unaliona kabisa limefika, kisha anafunga mdomo na koo linatembea. Alikuwa anayameza, na yalikuwa makubwa.

Meneja wa soko alikuwa mgeni kiasi, mtu wa mashati yaliyonyooshwa mpaka yanasimama yenyewe. Zamani akipita mbele ya meza yetu alipita upande wa pili wa njia. Aliposikia Jemadari kaokoka hakukurupuka, alipima. Kwanza akasema kamba yetu ya kutundikia nguo inaziba njia. Dada akaisogeza. Kisha pipa la taka likahamia ubavuni kwetu. Dada akalifunika. Na asubuhi moja tukafika tukakuta juu ya meza yetu kabati la kioo lenye makava ya simu, na nyuma yake amekaa shemeji yake meneja anachokonoa meno. Robota letu lilikuwa limeshapelekwa mwisho kabisa wa soko, chini ya mfereji wa bati unaovuja, karibu na mlango wa nyuma.

Watu walijaa. Hata waliokuwa wamemcheka kwa kuokoka walikuja, maana jambo hili lilimgusa kila mwenye meza. Mimi nilishatanguliza kiganja, nangoja hereni. Dada aliitazama ile meza. Akamuuliza meneja sababu, kwa upole, naye akajibu kwamba ni utaratibu mpya.

"Umenidhulumu, na unajua umenidhulumu," dada akasema. "Nakwambia mbele ya hawa ili usije ukasema hukuambiwa."

Watu wakasubiri kilichobaki. Hakikuwepo. Akageuka, tukaenda mpaka kule mwisho, akashika ncha moja ya robota na kuniambia nishike ya pili tulitoe kwenye maji.

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia ameokoka yeye, mimi sikuokoka, na kwa meza ile walikuwa wanakula watoto wangu wala hawakuulizwa. Nilimwambia kama Mungu anataka sadaka, achukue ya kwake aniachie yangu.

"Unasema kweli, na kwa hilo nakuomba radhi wewe," alisema. "Lakini ule mdomo nikiuchukua leo kwa ajili ya meza yangu, hautakubali kurudishwa."

Sikumsemesha mpaka jioni, na jioni nilimsemesha vibaya.

Kule nyuma ni mahali pa watu waliochoka. Mteja anafika ameshaona kila kitu na mfuko umepungua. Nguo zilianza kunuka unyevu, pasi yangu haikupumzika, na gauni letu la mjumbe halikuwa na wa kumwita. Nikamwambia Mungu waziwazi, kama yupo na kama ananisikia, kwamba amenichukulia dada na hajanipa kitu badala yake. Sijaifuta kauli hiyo.

Jirani yetu mpya alikuwa bibi mmoja mshona vifungo, tena alikuwa pale kabla hata ya paa la soko. Hakuwa na meza. Alikuwa na kigoda kando ya mlango wa nyuma, sindano, na kopo la vifungo vya kila rangi, na watu wote walimwita Bibi Vifungo. Masikio yake yalikuwa yamekwisha. Dada alianza kumpelekea mashati yetu yaliyopungua vifungo, kisha akaanza kula naye chakula cha mchana, akimsimulia habari za dunia sikioni kwa ile sauti ya vita. Bibi alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Kwa mara ya kwanza niliona sauti ile ina kazi nyingine.

Meneja naye alikuwa ameonja, akaona ni tamu. Shemeji alihitaji stoo ya makava yake, na nafasi iliyoonekana haina mtu ni ile ya mlango wa nyuma. Akaja na mwashi, wakachora mstari wa chaki sakafuni, na mstari ukapita chini ya kigoda. Akamwambia bibi ahame. Bibi, kwa kuwa hakusikia, akamtabasamia. Akamwambia tena, bibi akamkaribisha. Basi meneja akalichukua lile kopo ili alitoe nje, likamponyoka, vifungo vikamwagika sakafu nzima, vingine vikaingia kwenye mtaro wa maji.

Dada alikuwa amepiga magoti anafunga beseni la soksi. Akatambaa akaviokota vifungo, bibi naye anaokota, mimi naokota. Vilipokuwa vimerudi koponi vyote vinavyopatikana, dada akasimama. Akapeleka mkono sikioni. Akavua hereni ya kwanza, akavua ya pili, akaniwekea kiganjani.

Habari ilifika langoni kabla ya pumzi mbili. Hereni zimetoka. Kinyozi alimwacha mtu mwingine na nusu kidevu. Shangazi, aliyekuja kununua kitunguu tu, aliitupa foleni. Meneja alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na shati lake lote likalegea. Na mimi nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilizibana hereni zile mpaka zikanichora kiganja, nikajisemea moyoni kwamba dada amerudi, sasa meza yetu itazungumzwa.

Dada akafungua kitenge kiunoni, akakitandika juu ya mstari wa chaki, akalala. Alilala ubavu, mkono chini ya shavu, sikio sakafuni, mahali hasa ambapo mwashi alitaka kuweka tofali la kwanza. Ndipo nilipoelewa hereni zilitoka kwa nini. Pete kubwa kama zile huwezi kuzilalia, zinachoma shingo.

Meneja alipoona halijatoka neno, ujasiri ukamrudia. Akamwambia ainuke, hili ni eneo la soko.

"Siinuki," dada akasema.

Akamuuliza huyo bibi ana karatasi gani ya mahali hapa.

"Hana. Hana karatasi, hana mume, hana masikio, ndiyo maana ukamchagua yeye. Lakini ana Mwenyewe. Huyo Mwenyewe ndiye bwana wangu na mimi, na leo amenilaza hapa. Jenga juu yangu ukiweza."

Meneja akamtukana. Alitukana kwa bidii ya mtu aliyekuwa akiogopa kwa muda mrefu. Alimtukana ile ndewe iliyochanika, akamwambia kuokoka kwake ni woga uliovaa gauni la ibada, akamwambia alikuwa mbwa wa soko na sasa hata kubweka ameshindwa. Sisi wote pale tulikuwa tunazijua habari za meneja, na kila mmoja alikuwa na jibu moja la kummaliza. Dada alikuwa nayo kumi. Niliona koo lake linatembea, likatembea tena. Macho alikuwa amemkazia, hakuyafumba hata mara moja, na kila meneja alipovuta pumzi yeye alimwambia siinuki.

Mwashi alibaki na mwiko mkononi, udongo wa saruji uko tayari kwenye karai. Alisema kazi yake ni kuta, hajafundishwa kujengea mtu. Akaitwa mlinzi amwondoe, na mlinzi, ambaye aliwahi kuazima mdomo wa Jemadari kwa ajili ya mwenye nyumba wake, akasema kiuno kinamuuma tangu jana. Kisha yule muuza viatu, kwa ule mwendo wake, akapenya katikati ya watu. Nilidhani amekuja kufurahi. Alikaa chini juu ya chaki, karibu na miguu ya dada, akavua viatu akaviweka pembeni. Shangazi akamfuata, akiguna na kulaani magoti yake. Kinyozi akaja na wembe wake mfukoni.

Saruji haimjui meneja. Ikikauka imekauka. Ilikauka kwenye karai watu wanaitazama, na meneja akaondoka akisema kazi itaendelea kesho.

Soko lilipata moto. Kinyozi alisema twende mbele sasa hivi, sote, tuliondoe lile kabati la kioo, meneja ameshanywea na shemeji yake atakimbia akituona. Watu wakaitikia. Na mimi nikamwinamia dada nikamwambia hii ndiyo siku, hata mdomo hahitaji kuutumia, atembee tu na sisi tutamfuata.

Akaketi, akajipangusa vumbi. Sikio lake lilikuwa jeupe kwa chaki.

"Hapana," akasema. "Nikiidai ya kwangu leo, huyu bibi atakuwa alikuwa ngazi yangu tu. Sikulala hapa kwa ajili ya meza."

Nikamwambia hakuna mtu atakayewaza hivyo.

"Mimi nitajua. Na Yeye anajua."

Nilikasirika, na mkiniuliza leo, bado nimekasirika kidogo. Meza yetu haikurudi. Shemeji yule yuko pale mpaka sasa, anauza makava kwa watu wenye macho mapya, na sisi tuko chini ya mfereji. Bibi Vifungo yuko kwenye kigoda chake. Hayo ndiyo matokeo, anayetaka mengine akatunge yake.

Ila jioni ile, tukifunga, nilimnyooshea hereni zake. Akasema nizivae mimi, yeye kesho atalala tena. Nikazivaa. Nisiseme uongo, zilinikaa vizuri, na njia nzima nilitembea kwa kugeuza shingo.

Kesho yake meneja alirudi na saruji mpya na walinzi wa kukodi ambao hawakuwahi kumsikia Jemadari maishani mwao. Kinyozi alikuwa na wateja, shangazi magoti yamevimba, muuza viatu hajafika. Dada alitandika kitenge akalala peke yake, na mmoja wa wale walinzi akamsukuma kwa mguu, kama mtu anayejaribu kama gunia ni zito. Nilipeleka mkono sikioni. Nikavua ya kwanza, nikavua ya pili, nikageuka huku na huku natafuta wa kunishikia, maana mshika hereni siku zote nilikuwa mimi. Bibi Vifungo akanitazama, akanifungulia kopo lake, nikazitumbukiza humo kwenye vifungo.

Sakafu ilikuwa baridi na ilinuka chaki. Dada alisogea kidogo kunipa nafasi kwenye kitenge. Meneja akaja kusimama juu yangu, akaniuliza mimi nami, ambaye hata kanisani siendi, nimelala pale kwa ajili ya nani. Nikatafuta jibu, nikagundua kwamba tangu nivue hereni sikuwa nimeikumbuka meza hata kidogo. Nikamwambia siinuki.